Rafiki Mwenye Jeshi

Sina hakika kama nilimweleza vizuri. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya mataifa nayasikia redioni huku nakunja madera. Lakini jirani yangu wa fremu ya pili, mama mtu mzima anayeuza vitenge kwa jumla, aliniuliza mimi: kwa nini mwanawe, askari wa jeshi letu, amepelekwa nchi jirani kulinda nchi ya watu?

Nikamjibu kwa mfano wa uchochoro wetu hapa Kariakoo. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akivamiwa mmoja anapuliza filimbi, wote tunashusha milango na kutoka. Vibaka wakaacha kutusogelea.

"Nchi nazo ni hivyo hivyo, mama. Zinatia saini kwamba ukimpiga huyu umetupiga sote. Adui akipiga hesabu, anaghairi. Huenda mwanao asirushe hata risasi."

"Na yule wa viatu pale kona?"

Hilo nilikuwa nimeliruka. Kabla ya filimbi, muuza viatu alikuwa mpole kama sisi. Baada ya filimbi akaanza kutukana wabeba mizigo, akamwagia mmoja maji machafu. Wenzake huyo mbeba mizigo walipokuja kumuuliza, muuza viatu akapuliza. Tukatoka, tukaumizana kwa ugomvi ambao hatukujua hata chanzo chake. Lakini nisimwonee: tusingetoka, nani angeiamini tena filimbi?

Wiki iliyofuata akaja mteja wa mama kutoka nchi hiyo hiyo jirani, mtu mcheshi, mnunuzi wa marobota ya vitenge.

"Shikamoo, mama mkwe!"

"Marahaba. Binti sina, usinizeeshe."

Akacheka. Alipoulizwa hali ya kwao, akavimba kifua. "Safari hii hatubembelezi mtu. Mazungumzo ya nini? Jeshi lenu liko kwetu. Tunawafuata maadui hukohuko kwao."

Sikumchukia. Nyumba yake iliwahi kuchomwa moto, na wakati ule hakuna nchi iliyokuja kumsaidia. Ningekuwa yeye, labda ningesema hayohayo.

Mama alikuwa anafunga robota kwa kamba. Hakuinua uso.

"Mkianza ninyi, je?"

"Aa, mama! Tuanze sisi, waanze wao, si mko nasi?"

Mama akakaza fundo. Kisha akauliza mzigo utapita njia gani. Mteja akaitaja barabara ndefu ya kuzunguka. Mama akautaja mji alipo mwanawe: si ndiyo njia ya mkato, kwa nini asipite pale?

Mteja akaacha kucheka. "Pale tangu juzi hapapitiki, mama. Hata magari ya wagonjwa yanarudishwa."

"Mwanangu kanipigia jana. Kasema kumetulia, wanacheza mpira."

Mteja akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kujibu. Mama akanisogezea ncha ya kamba.

"Nishikie," akasema. "Mikono yangu haikazi."