Besi Niliyoisikia Uzeeni

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyompoteza rafiki yangu Opio kwa ajili ya kaseti. Tulikuwa vijana, wote wawili watoto wa askari, tumekulia kambi moja. Tulipiga muziki wa fanki katika bendi iliyofanyia mazoezi Bwaise. Yeye gita la solo, mimi la besi, lile la sauti nzito. Usicheke. Nilikuwa na afro kubwa kuliko kofia ya baba yangu, na wasichana walinijua.

Albamu yetu ya pili ilipotoka, sikungoja nakala ya studio. Nilinunua kaseti sokoni Kikuubo, kopi iliyotolewa kwenye kopi nyingine, nikaiweka katika redio-kaseti ndogo ya nyumbani. Besi haikusikika hata kidogo. Jamaa wa kambini wakaniuliza kama siku ya kurekodi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Nikakumbuka kwamba Opio ndiye aliyekaa na fundi mitambo wakati wa kuchanganya sauti, nikaamua amenifuta kwa wivu. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini nani husikia methali damu ikimchemka?

Opio alikuja mlangoni kwangu mara tatu. Mara ya mwisho akasema, "Mimi hapana punguza gita yako. Kuja studio, sikia tepu yenyewe na masikio yako."

"Mimi nasikia kaseti. Inatosha," nikamjibu, nikafunga mlango.

Niliacha bendi siku hiyo hiyo. Wakarekodi albamu ya tatu bila mimi, nami nikaapa kutoisikiliza. Ikipigwa dukani, natoka. Miaka ikapita. Opio akarudi kwao Gulu, na habari za kifo chake nikazisikia katika matangazo ya redio, nikiwa nanyoa ndevu. Sikwenda kumzika. Nilimaliza kunyoa nikaenda kazini.

Sasa naishi peke yangu Kamwokya. Mke wangu ametangulia, watoto wako mbali, na ziko siku ambazo hakuna anayenisemesha ila redio. Mwezi jana jirani yangu Wambui, Mkenya anayeuza simu mjini, aligonga akiwa na simu na hedifoni. Alikuwa amepata albamu zetu zote mtandaoni, zimehamishwa kutoka tepu za studio zenyewe kwa dijitali ya hali ya juu.

"Mzee, hii si kama zile za redio," akasema. "Sikiza tu pole pole, simu nitachukua kesho."

Nilianza na ya pili. Mwanangu, besi ilikuwepo; kaseti ile ya kopi ndiyo iliyoimeza. Ilikuwa mbele, nzito, hata mkwaruzo wa kidole changu kwenye waya niliusikia. Opio alikuwa ameniweka mbele ya gita lake mwenyewe. Nililia, wala sikuficha, maana hakukuwa na wa kumficha.

Nikaweka ile ya tatu. Nikangoja besi ianze, nijue walimweka nani mahali pangu. Wimbo wa kwanza, wa pili, hadi mwisho, hakuna. Albamu nzima ya fanki bila besi, nani amewahi kusikia upuuzi huo? Ngoma inapiga, gita la Opio linacheza, halafu linanyamaza kidogo pale pale ambapo mimi ningeingia. Hawakumtafuta mwingine. Nilikaa na hedifoni masikioni hata baada ya nyimbo kwisha.

Sasa nisikilize. Ukisikia neno baya juu ya rafiki yako, usilihukumu kwa kopi. Mwendee mwenyewe, kuuliza si ujinga. Naye akija kujieleza, mfungulie hata kama umekasirika, umpe kiti. Kiburi kinaweza kukaa nawe miaka arobaini na kisikupikie hata chai. Mimi leo najua ukweli wote, na sina wa kumwomba msamaha. Mungu akujalie marafiki wakweli, mwanangu, na mkikosana, akujalie kupatana nao wangali hai.