Kachuma ka Mwisho wa Waya

Ee, ninyi batu ba ku ziwa! Ninyi benye munageuza samaki, acheni iungue kidogo. Ninyi benye munabishana bei, bei haikimbie. Sogeeni hapa niwaambie namna kompyuta mbili zilikataa kusemezana mu Nchelenge, ile mwaka vita ilikuwa inatutapika ng'ambo hii sawa mulevi anatapika pombe.

Miye masomo sikusoma. Shule niliiona mara moja, nikipita mbio, nyuki wako nyuma yangu. Lakini kompyuta nilikaa nazo nyumba moja miezi tatu, juu nilikuwa mulinzi wa muzee moja Mubemba, fundi wa umeme wa zamani ku mukoti, mugodi wa shaba. Kazi ilipoisha, alirudi kwao na kompyuta mbili za kizamani. Tulikuwa tunamuita Bashikulu, ni kusema babu. Kiswahili alikitoa kule ku mukoti kwa Bakongo, pamoja na matusi yake yote.

Kompyuta moja ilikuwa mu chumba cha mbele. Pale njo Bashikulu aliandika majina ya batu benye kuvuka ziwa. Ingine ilikuwa mu chumba cha nyuma, kwa bibi yake, imefungwa ku mashini ya kuchapa. Katikati, waya mweusi ulitoboa ukuta. Majina yaliandikwa mbele, yalipita mu waya, yalitokea nyuma ku karatasi. Njia ingine hakuna. Tundu la diski la ile ya mbele lilijaa vumbi, lilikuwa linatafuna diski sawa mbuzi. Na ukibeba mashini ya kuchapa kuileta mbele, kompyuta ya mbele ilisema haijue huyu mugeni.

Sasa, yaya yangu, dada yangu mukubwa. Yeye alivuka mu bwato moja, batoto bake babili mu bwato ingine. Ile siku ku Kilwa, ng'ambo kule, hakuna mutu alichagua bwato. Risasi njo ilichagua. Siku kumi hakujua kama beko bazima ao beko chini ya maji. Alikuwa halale, hakule, anafagia tu nyumba ya Bashikulu mupaka sementi ilianza kuisha. Siku ya kumi, alfajiri, muvuvi moja alifika na habari: batoto babili beko Chiengi, bazima, banataja jina la mama yabo.

Kamiyo, lori ya kwenda Chiengi, ilikuwa inatoka ile siku saa sita ya muchana. Lakini kule, mwenye kulinda batoto alikuwa hatoe mutoto bila karatasi ya kuchapwa na muhuri, jina la mama kando ya jina la mutoto. Karatasi ya mukono alikataa, juu batu babaya balishaka kuja na karatasi ya vile na kubeba batoto ba bengine. Na mutoto mwenye hakuna mutu, mangaribi ile ile banamupakia kwenda kambi ya mbali, anaandikwa mutoto wa hakuna.

Saa mbili ya asubuhi Bashikulu aliandika majina matatu. Alifinya. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri, mupaka miye nilitoka kukojoa na kurudi.

"Inasema nini, Bashikulu?"

"Inasema haimuone mwenzake."

"Lakini mwenzake iko pale nyuma, miye mwenyewe naiona!"

"Basi enda uiambie."

Alipiga kelele kupitia ukuta: "Mama, zima!"

"Nimezima!"

"Washa!"

"Nimewasha! Na weye zima domo, ninasikia!"

Hakuna kitu. Alizima ya kwake, akaiwasha. Hakuna kitu. Aliuliza kama kabati ya majina mu kompyuta ya nyuma iko wazi, ao mutu aliifunga na neno la siri. Bibi alijibu iko wazi, hata mbuzi anaweza kuingia.

"Basi si mulango," Bashikulu alisema. "Ni barabara."

Alipiga magoti, muzee wa miaka sabini, akafuata waya na vidole, akitafuta pahali panya aliuma. Jasho lake lingejaza bwato mbili. Yaya alisimama ku mulango, mikono ku kichwa. Saa ine ya asubuhi ilipita. Tulifika chumba cha nyuma, chini ya meza, nyuma ya kompyuta ya bibi. Bashikulu alishika mwisho wa waya, akaugeuza.

"Kiko wapi kifuniko?"

"Kifuniko gani?" niliuliza.

"Waya huu uko na mwisho mbili. Kila mwisho unavaa kachuma. Kasipokuwa, maneno yanafika mwisho, yanagonga, yanarudi, yanakutana na mengine mu njia, na hakuna mwenye anasikia mwenzake."

"Sawa bamama ku soko ya samaki," nilisema.

Hakucheka. Yaya njo aliongea, sauti ndogo.

"Kale kachuma kenye kamunyororo?"

Munajua desturi yetu. Mwenye kula mu nyumba, anashona wavu wa ile nyumba. Na wavu hauchague uzito: pete ya udongo, nati ya baiskeli, plagi ya motere, yote sawa. Yaya alifagia chini ya meza, akaona kachuma kazito, kako na kamunyororo ka kufungia, kanakaa ku mwisho, hakabebe kitu.

"Nilifikiri kanakaa bure," alisema. "Nilikafunga ku wavu."

Na wavu, miye mwenyewe niliutega jana yake mangaribi.

Hakuna mutu alimugombeza. Ingekuwa kumugombeza mutu mwenye alishaka kufa. Bashikulu alisema tu, "Bamayo, mama yangu, ungeniomba uzito, ningekupa meno yangu." Alivaa kofia, tukakimbia ku maji.

Nilipiga kasia mupaka mamba banatoka mu njia banaomba samahani. Lakini pa kuvuta wavu, mikono ilikuwa mizito. Zile siku kuvuta wavu ilikuwa kazi ya kufunga macho. Mu ile mwambao batu balikataa kula kambale, juu kila mutu alijua kambale anakula nini. Tulivuta. Samaki tatu za mapale. Majani. Kisha kitenge. Kilikuwa kimefungwa vile mama anafunga mutoto ku mugongo, na fundo lilikuwa bado limekaza. Ndani hamukuwa kitu.

Bashikulu alitoa kofia.

Kachuma kalikuwa pima mbili mbele. Nilikata kamba na meno.

Bibi alikapangusa na kitambaa, akakaweka kando ya mbabula, jiko ya makaa, akapuliza mupaka mashavu yalikuwa chungu. Inje kamiyo ilishaka kuwasha. Shofere alikuwa anapiga honi: "Jua iko juu ya kichwa, miye naenda!" Bibi alitoka na mwiko wa bwali, ugali wetu, akasimama mbele ya kamiyo. "Pita basi juu yangu!"

Bashikulu aliingiza kachuma, akakazungusha. Alikimbia kule mbele, jina la kompyuta ya bibi lilitokea. Alifinya. Mashini ya kuchapa ilianza kulia sawa mutu wa jino bovu, ikatoa karatasi pole pole, mustari kwa mustari. Muhuri, pwaa! Tulikimbia inje.

Yaya alikuwa alishaka kupanda. Nilimupa karatasi. Yeye na miye, kusoma hatujue.

"Beko wapi?"

Bashikulu alisimama ku gurudumu, akaweka kidole. "Huyu mukubwa. Huyu mudogo. Na huyu weye, mama yabo."

Herufi zilikuwa ndogo sawa mayai ya samaki. Yaya alileta karatasi ku macho, akaipangusa na kitenge chake, akaiangalia tena. Kamiyo ilianza kutembea, na yeye akalia kwa nguvu:

"Yesu wangu! Siku kumi tu, mbona bamekonda hivi?"