Kiti cha Tisa

Hebu mfikirie Tressa Hobgood akifika kwa mama mkwe wake Jumapili baada ya kanisa. Anaingia kwa mlango wa jikoni, bakuli la maharage mabichi limebanwa kwenye nyonga, maana mbele tumbo limeshachukua nafasi yote. Habishi hodi. Huku kwetu, kwenye milima ya Arkansas, mke wa mwana akibisha hodi watu wataanza kuulizana kuna ugomvi gani. Anausukuma mlango kwa mguu, na kabla hajaliweka bakuli mezani, macho yake yameshakimbilia kwenye friji.

Jumapili iliyopita picha zilikuwa tatu. Leo ni nne.

Hizo nne ni za mtoto aliye tumboni mwa Kendra, dada wa mume wake. Ya mtoto wa Tressa ni moja tu, iko chini karibu na mpini, na nusu yake imefunikwa na ratiba ya kwaya.

"Hii mpya wamempiga uso mzima," alisema Mama Opal, mama mkwe. "Iangalie hiyo pua. Pua ya marehemu babu yake hiyo."

"Naiona, mama."

Kendra alikuwa amekaa, miguu juu ya stuli. "Na wewe wifi mwambie daktari wako akupigie kama hii. Huwa hawakatai."

"Nitamwambia," akasema Tressa.

Hakuwa na daktari wa kumwambia.

Mambo yalikuwa hivi. Garrett, mume wa Tressa, anapasua mbao kwa mashine yake mwenyewe, hana mwajiri wa kumkatia bima. Mwezi wa kumi na moja mashine iliharibika, wakaona afadhali waiache bima wainusuru mashine, kwani nani anaumwa? Januari muda wa kujiandikisha bima, wenyewe wanauita dirisha, ukafungwa. Machi Tressa akajikuta ana mimba. Akawapigia simu watu wa bima, akaambiwa na dada mmoja mwenye sauti ya upole kwamba mimba haifungui dirisha. Mtoto akishazaliwa ndiyo litafunguka. Msaada wa jimbo nao ukamkataa, kwa kuwa mwaka uliopita mbao ziliuzika vizuri, wakauvuka mstari wa kipato kidogo tu. Kwa daktari wa mjini, msichana wa mapokezi alimwandikia bei kwenye kikaratasi cha njano, yote ilipwe kabla mimba haijafika mwezi wa saba, na ya hospitali ni nyingine kando. Tressa alikikunja, akasema amesahau kitu garini. Hakurudi.

Kendra yeye mume wake yuko ofisini kwenye kampuni ya kuku. Kadi yake ya bima anaifungua kwenye pochi kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Wanawake hao wawili walitarajia kujifungua mwezi mmoja, na Tressa, mtu mwema ambaye hajawahi kumtakia mtu mabaya, alianza kuhesabu. Alihesabu picha. Alihesabu vitamini, za wifi zilikuwa za duka la dawa, zake za supamaketi. Alihesabu hata mara ambazo mama mkwe aliligusa tumbo la mwanawe na mara alizoligusa la mkwewe. Alikuwa akijichukia kwa hesabu hizo, na wiki iliyofuata anahesabu tena.

Kimbilio lake likawa kliniki ya wilaya, kwenye jengo lililokuwa duka la viatu. Pale wanakutoza kulingana na kipato, na ndiko alikopata ile picha yake moja. Alichokikuta hakukitarajia. Kila baada ya wiki mbili wanawake wanane, yeye akiwemo, wote wanaotarajia kujifungua mwezi mmoja, wanakaa kwenye viti vilivyopangwa duara. Kila mmoja anajipima uzito, anajipima presha, anajiandikia mwenyewe kwenye kadi yake. Halafu kwa zamu wanaingia nyuma ya pazia, ambako Bi Ruthanne, mkunga, anausikiliza moyo wa mtoto. Zinazobaki ni saa mbili za maongezi. Wanafundishwa, wanauliza, wanacheka. Dereva wa basi la shule aliwaambia mume wake akimshika miguu usiku anaona kama anakaguliwa matairi. Tressa alicheka mpaka akaomba radhi kwenda chooni.

Ukutani walibandika makubaliano yao. Linalosemwa hapa libaki hapa. Na mtu mpya asiingie mpaka wote wakubali.

Hilo duara hakumwambia mtu wa ukweni. Mwanzo aliona aibu. Baadaye ilikuwa kitu kingine: hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho Kendra hakuwa nacho.

Agosti, Jumapili nyingine, Kendra akalalamika kuwa viatu vyote vimemkataa. Tressa, bila kufikiri, akapiga magoti akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Joto hili, wifi, nani haumwi kichwa?"

"Mama, kile kipimo chako cha presha kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye droo ya vijiko. Tressa akamweka Kendra vizuri: mgongo uegemee, miguu sakafuni, mkono ulingane na moyo. "Sasa tulia dakika tano. Usiongee."

"Dakika tano? Mimi?"

"Umeanza kuongea."

Mama Opal alisema tangu amzae hajawahi kumwona amenyamaza hivyo. Lakini namba zilipotokea hakuna aliyetania. Tressa alisubiri, akapima tena, zikatoka zile zile, mia na hamsini juu ya tisini na sita.

"Daktari anajua?"

"Hata sijapata nafasi ya kumwambia. Anaingia, ananipima tumbo, anatoka. Dakika saba. Siku nyingine hata haketi."

"Mpigie sasa hivi."

Akapiga, wakamwita hospitali mchana huo huo. Alirudi siku ya pili na vidonge, na amri ya kujipima kila siku. Mtoto salama. Mama Opal akamkumbatia Tressa pale mlangoni, kwa muda mrefu, na Tressa akaona aibu jinsi alivyofurahi.

Furaha ilidumu mpaka Jumatano, Kendra alipompigia simu.

"Wifi, nani alikufundisha yale?"

Akamweleza, maana angesema nini.

"Nataka kuja," Kendra akasema. "Najipima nyumbani peke yangu, nikiiona namba natetemeka, namba inapanda. Daktari sitamwacha. Lakini sina mtu wa kumuuliza kitu, Tressa. Nakaa na hiyo mashine nalia tu."

Tressa alisema atauliza. Alipokata simu, alichosikia kichwani si kilio. Alisikia kwamba wifi atakuwa na daktari, na kadi, na picha nne, na sasa anataka na duara.

Alimweleza Bi Ruthanne. Mkunga akafurahi, akasema kliniki inapokea wenye bima, na malipo ya bima huwasaidia wasio nayo. "Lakini kundi hili ni lenu. Mtaamua ninyi." Siku ya kikao akawaeleza wote kuwa kuna mama mwenye presha, mwenye hofu, anaomba kiti cha tisa. Hakumtaja jina. Akawagawia vikaratasi: ndiyo au hapana, vikunjwe, vitiwe kwenye bakuli. Hapana moja ingetosha kumzuia.

Tressa alishika penseli. Aliniambia mwenyewe baadaye, tukiwa tunakunja nguo kwenye duka la kufulia, kwamba alianza kuandika ndiyo. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari pale. Halafu akaona sura ya Kendra kwenye kiti kile, anasimulia, na dereva wa basi anamcheka yeye, na Bi Ruthanne anamgeukia yeye. Akaigeuza karatasi, akaandika upande wa pili.

Bi Ruthanne alizifungua moja moja. Ndiyo saba. Akaiangalia ya nane, akaikunja tena, akasema, "Basi. Makubaliano ni makubaliano." Hakumtazama mtu.

Jumapili Kendra alimkuta Tressa barazani. Uso ulikuwa umemvimba, na alitembea ameshikilia reli. Akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Mkunga amenipigia. Najua ulijitahidi, wifi. Asante kwa kunisemea."

"Usinishukuru."

"Watu wengine mioyo yao migumu tu. Mmoja, aliniambia. Mmoja tu ndiye aliyekataa." Akaupapasa mkono wa Tressa kwa kidole gumba. "Wewe unakaa nao. Unadhani ni nani?"

Kikao kingine kilikuwa baada ya siku tisa, na kwa makubaliano yale ya ukutani mtu aliyekataa ana ruhusa ya kubadili mawazo yake, ilmradi aseme mwenyewe mbele ya wote. Mkono wa Kendra ulikuwa bado juu ya wake, una joto. Wewe unayenisoma, kama umewahi kumwonea mtu wivu, ungemjibu nini?