Siku Niliyojiita Mtoto

Mchungaji aliponiomba niwafundishe akina mama somo la unyenyekevu, nilicheka kwa sauti hata akashtuka. "Hakuna anayefaa kuliko wewe," akasema. Kanisani kwetu hapa Chake Chake tu wachache, karibu sote watu wa bara: walimu, askari, wenye maduka, na mimi mkunga. Penye watu wachache sifa huenea haraka, na sifa yangu ni kwamba sijioni. Ukinisifu nakujibu, "Si mimi, ni Mungu." Nimekuwa nikilitoa jibu hilo tangu nikiwa na miaka saba.

Alinifundisha mama. Nyumbani Rungwe, niliporudi na karatasi ya matokeo nikiwa wa kwanza darasani, aliisoma, akafurahi, kisha akaniinamia: "Usijione." Nikishonewa gauni jipya, usijione. Nikiimba vizuri, usijione. Simlaumu, hakutaka mtoto mwenye majivuno. Lakini mtoto huchukua fundisho kwa namna yake, na mimi nilichukua kwamba Mungu hufurahi nikisema sijui, hata pale ninapojua.

Kama miaka minne iliyopita nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya humu humu kisiwani, ambacho sitakitaja. Zamu ile tulikuwa wakunga wawili. Mwenzangu sote tulimwita Bi Mkubwa: mzaliwa wa hapo, amezalisha nusu ya kijiji, mtu mwema ambaye alinipokea nilipofika nikiwa sijui hata kuitikia salamu zao. Mimi nilikuwa nimetoka mafunzoni, mafunzo ya dharura za uzazi, na pale kituoni ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeyapata.

Asubuhi alikuja mwanamke kijana mwenye mimba ya kwanza, pamoja na mama yake. Kufika adhuhuri, mstari kwenye fomu ya kufuatilia uchungu ulikuwa umevuka pale ambapo mgonjwa anatakiwa apelekwe hospitali. Nikasikiliza moyo wa mtoto. Kila uchungu ulipopita, mapigo yalishuka na kuchelewa kurudi. Nikasikiliza mara ya pili, na ya tatu. Sisemi nilihisi, wala sisemi niliingiwa na wasiwasi. Nilijua, kama ninavyojua chai iliyokosa sukari.

Nikamwendea Bi Mkubwa, aliyekuwa anamshughulikia mama mwingine. "Naona kama mapigo yanashuka kidogo," nikasema. Naona kama! Kidogo! Mapigo hayakuwa yanashuka kidogo.

"Mimba ya kwanza hino, mwanangu, huchelewa," akajibu. "Tumpe muda."

Ningemwambia, "Njoo usikilize mwenyewe," angekuja. Hakuwa mtu wa kiburi. Sikumwambia.

Mama wa mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya uji. Alinitazama mimi, si Bi Mkubwa. "Nawe waonaje, mwanangu?"

Nikatabasamu. "Bi Mkubwa ndiye ajuaye, bibi. Mimi mtoto tu."

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Na ninalolionea haya kuliko yote ni hili: nilijisikia vizuri. Ndani yangu palikuwa na utamu fulani, utamu wa mtu aliyejishusha mbele ya Mungu na mbele ya watu. Yule mama alirudi kwenye benchi akakaa, ametulia, kwa sababu mimi nilimtuliza.

Gari la wagonjwa tuliliita alasiri. Niliingia humo pamoja nao, nimemshika mgonjwa mkono. Mtoto alitolewa hospitalini kwa upasuaji, wa kiume, na hakulia. Walihangaika naye sana ndipo akavuta pumzi. Mama yake akapona. Mtoto akaishi, lakini ulipofika umri wa kukaa, hakukaa. Sasa anakaribia miaka minne, miguu yake yote miwili imekakamaa, na maneno yake wanayaelewa mama na bibi yake tu. Daktari aliwaambia kwamba mtoto alichoka kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Saa ngapi alianza kuchoka, hakuweza kusema. Nami siwezi kusema kwamba kuliita gari mapema kungemwokoa. Ninachoweza kusema ni saa niliyojua.

Katika familia ile hakuna aliyenilaumu. Kinyume chake, wananishukuru. Kila nikikutana sokoni na yule mama kijana, husema, "Mngu akulipe, sista. Bila ya weye nisingekuwa hai." Nami hujibu, "Si mimi, ni Mungu." Kwa muda mrefu sikuwa nikisikia ninachokisema. Siku moja nikakisikia, tumesimama mbele ya mafungu ya muhogo. Ikiwa si mimi niliyemshika mkono, basi hata kunyamaza hakukuwa kwangu. Vyote nimemtwika Mungu, na mwenyewe natembea mikono mitupu.

Ndiyo maana nilicheka mbele ya mchungaji. Hata hivyo nilikwenda nyumbani nikafungua Maandiko kutayarisha somo, na nikakutana na lile neno la Mtume nililolisikia tangu utotoni, la mtu kutojidhania makuu. Sikuwahi kuisikiliza nusu yake ya pili, kwamba mtu ajipime sawasawa. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikijipunguza, nikidhani kupunguza ni haki. Muuza samaki akipunguza kwenye mizani huitwa mwizi. Nilikasirika, kwanza na mama, kisha na nafsi yangu, kisha nikafunga kitabu. Nilimpigia mchungaji nikamwambia kuna nyumba ninayotakiwa kwenda kabla sijamfundisha mtu yeyote.

Nilikwenda Jumatatu baada ya kazi. Bibi alikuwa uani juu ya mbuzi anakuna nazi, binti yake anamenya muhogo, mtoto amelazwa kwenye mkeka kati yao. Walinikaribisha kwa furaha, nikaketi kwenye mkeka.

"Siku ile nilijua," nikasema. "Niliusikia moyo wa mtoto, nikajua inafaa apelekwe hospitali. Nikanyamaza."

Nilitaka kuendelea. Mimi si kitu, mimi mnyonge, mimi mwenye dhambi: maneno yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Nikayameza, maana yangewalazimu wao wanibembeleze mimi.

Mama kijana aliweka kisu chini, akainuka, akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka nilipoondoka. Bibi aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu.

"Mie nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, bibi."

"Ukanambia u mtoto."

"Nilikwambia hivyo."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Akamwinua mjukuu wake akaniwekea mapajani.

"Haya. Waonaje?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari: daktari ndiye ajuaye. Nilimshika mtoto miguu, nikaikunja taratibu, nikamweleza bibi ninachokiona. Misuli imekaza lakini magoti bado yanakunjika. Anahitaji mazoezi ya viungo kila siku, si mara moja kwa mwezi. Baadhi nayajua na nitamwonesha. Mengine siyajui, yuko mtaalamu Chake Chake ayajuaye, na nitampeleka mwenyewe. Kutembea bila ya kushikilia kitu, sidhani. Kukaa atakaa, na kula kwa mkono wake pia, tukianza sasa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto.

"Sauti hiyo," akasema, "siku ile ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo," nikamwambia.