Vidonge vya Mjomba

Mama huyu alikuwa dobi, na kama kuna kazi isiyojua kuisha, ndiyo hiyo. Nguo hazijawahi kukaa kikao zikakubaliana kwamba sasa zimetakata, basi. Alifua uani, akapiga pasi ukumbini, na katikati ya ndoo na pasi akamuuguza mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mvi, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Jina hilo alilipata ujanani, siku aliposimama sokoni akijibizana na watangazaji ambao hakuna mwingine aliyewasikia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Dobi hakucheka, na tangu siku ile hajapata kulala usingizi ukamtosha.

Ugonjwa ule alijifunza kuuishi taratibu. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Usibishane naye, usimcheke, na akianza kuziba masikio mpe kazi ya mikono. Basi Redio akawa mkunja mashuka, na aliyakunja vizuri kuliko dada yake, tena akimsimanga kwa pembe zisizolingana. Akimeza dawa zake, sauti zilipungua zikawa kama watu wanaoongea nyumba ya pili. Ndugu wengine walikuja kwenye harusi na misiba, wakamwambia dobi pole, wakaenda zao. Pole haifui nguo.

Ndipo binti yake wa pekee alipokuja kujifungulia kwake, maana mumewe alikuwa dereva wa lori na safari zake hazikuwa na kichwa wala miguu. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Haukupita muda, usingizi ukamkimbia mzazi. Akawa anazunguka chumbani macho makavu, akinong'ona. Leo aliwasikia majirani wakimsema ndani ya bomba la maji. Kesho yake akasema mtoto amebadilishwa.

Dobi aliposikia hayo alisahau pasi juu ya shati la mteja, likaungua mgongoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye aliumwa zamani. Akakaa chini akalia, wala si kwa ajili ya shati.

"Mungu wangu, wawili?" alisema. "Nitawawezea wapi wawili?"

Hapo akafanya kosa ambalo asiyewahi kuuguza asingelifikiria. Hospitali aliijua: foleni, benchi gumu, maswali yaleyale, na mwisho wake vidonge. Sasa ahangaikie nini, na vidonge vimo kabatini? Kama dalili ni moja, ugonjwa ni mmoja, na dawa ni moja. Akaanza kumpa binti kidonge cha jioni, Redio akabaki na cha asubuhi. Alijiambia kwamba mdogo wake ameshazoea, hatapungukiwa.

Mara ya kwanza binti alilala fofofo. Dobi akajiona daktari bingwa, kilichokosekana ni koti jeupe tu. Lakini usingizi ule haukukaa, na kila binti alipoamka macho yake yalikuwa mbali zaidi. Dobi akaficha visu na viwembe. Mkwe alipopiga simu, akamwambia kwamba mkewe ana uchovu wa uzazi, atatengemaa. Uchovu wake mwenyewe hakuna aliyeuulizia, naye hakuwa na nguvu ya kuusimulia.

Mchana mmoja walikuwa wote ukumbini. Redio aliliacha shuka likiwa nusu limekunjwa, akaenda kuketi karibu na mpwa wake.

"Mpwa wangu," alimwambia, "sauti zangu hunitukana tu. Mjinga wewe, mzigo wewe. Zako zinasemaje?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mama yake na ubingwa wake wote.

"Zinasema huyu si wangu, mjomba," binti alijibu kwa upole, kama anayetaja bei ya nyanya. "Nikimtumbukiza kwenye pipa, wangu atarudishwa."

Pipa lilikuwa uani, limejaa pomoni. Nyumba ya dobi haikosi maji.

Redio akasimama. "Dada, mchukue mtoto. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Huyu nitamshika mkono mimi."

"Wewe? Hospitali?" Dobi aliduwaa, maana mtu huyo hakuwahi kuvuka lango lile bila kukokotwa.

"Twende, dada. Usinifanye nifikirie."

Daktari wa zamu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza binti amepewa dawa gani. Dobi akasema kweli, macho sakafuni.

"Kusikia sauti ni dalili, mama, kama homa," daktari alisema. "Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino bovu. Sauti nazo zinaweza kuletwa na huzuni nzito, na bangi, hata maambukizi kwa mzee. Huyu zimeletwa na uzazi na kukosa usingizi. Zinafanana na za mjomba wake, ila chanzo ni kingine, na tiba yake ina njia yake." Akamgeukia Redio. "Na wewe, baba, siku zote hizo ulimeza nini?"

"Nusu."

Dobi akashtuka. "Ulijua?"

"Nilikuwa nakuona ukimpa, dada. Sauti zangu zilisharudi. Hata sasa zinaniambia nikimbie, humu ndani wataniua."

"Mbona hukuniambia, jamani?"

"Nilidhani vile vidonge vinamsaidia mpwa wangu."

Dobi alimbana mjukuu kifuani, na machozi yakamtoka bila aibu, mbele ya watu wote wa benchi.

"Huyu binti tutamlaza," daktari aliendelea. "Ni hali ya hatari, lakini akitibiwa, wengi wa namna yake hupona kabisa."

"Na huyu?" Dobi aliuliza, akimwonyesha mdogo wake.

"Yeye tutaendelea naye kama siku zote."

Redio alikuwa akitokwa jasho, na mkono wa mpwa wake hakuwa ameuachia tangu nyumbani. Akamgeukia dada yake, akatabasamu.

"Umesikia, dada?" alisema. "Mwenzangu atapona."