Wanafunzi Wangu Wasiojua Kiingereza

Nina digrii ya ualimu na cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, lakini shule ya ng'ambo niliyoiomba kazi ilitaka kitu kimoja zaidi: wanione kwenye video, moja kwa moja, nikifundisha watu wazima wasiojua Kiingereza hata kidogo. Sasa hapa Mafubira, Jinja, ambako Kiingereza tunafundishwa tangu shule ya msingi, watu kama hao ningewatoa wapi? Nikaamua kuwatengeneza.

Nilimwomba jirani yangu Hajati Zaina, muuza vitambaa, aje na wenzake wa sokoni. Afande Opio wa magereza alijileta mwenyewe aliposikia kuna chai. Nikawaonya, "Leo hamjui kitu. Nikitaja kikombe kwa Kiingereza, mshangae."

"Bwana mwalimu, tutashangaa mpaka uchoke," akasema Hajati.

Na kweli walishangaa. Afande alikitazama kikombe kama bomu. Mimi nikaanza kujiona uwanja wa ndege.

Ndipo mkuu wa shule ile, aliyekuwa akitufuatilia kimya, akatokea kwenye simu na kuwasalimia wanafunzi. Mgeni ameingia darasani! Shule ya msingi sote tulichapwa tuliposahau kusimama na kumwimbia mgeni salamu. Wakainuka kwa pamoja, Afande hata saluti akapiga, wakaimba kwa Kiingereza safi kabisa, "Habari za asubuhi, mgeni wetu! Tunafurahi kukuona! Karibu sana darasani kwetu!"

Mkuu akaniuliza wamejifunza kwa muda gani. Nilikuwa nimeweka mikono nyuma, bado namalizia kuimba.