Programu Iliyomngoja Dan

Kitu kimoja Everlyn Naliaka hakukivumilia ni mtu kuitukana kazi ya Dan. Umseme yeye mwenyewe, sawa. Umseme mamake, mtagombana na yataisha. Lakini kazi ya Dan? Thubutu! Ndiyo maana Mwaura alipompigia simu Jumamosi ile adhuhuri, akifoka kwamba Jumatatu anaing'oa programu ya marehemu na kuitupa, Everlyn alisimama wima sebuleni kwake mtaa wa Satellite, sukuma wiki ikiungua jikoni, asijali.

Mwaura ana chumba cha baridi kule Dagoretti, karibu na vichinjio. Wenye bucha humwekea nyama zao humo, na hoteli za Spring Valley hutuma magari kuja kuzichukua. Programu ya kukilinda chumba hicho iliandikwa na Dan Sifuna, mumewe Everlyn. Stima ikipotea na chumba kikianza kupata joto, programu, iliyo kwenye kompyuta yenye betri, inapiga simu. Anayepokea anabonyeza moja, jenereta inanguruma. Na usiulize kwa nini jenereta isiwashwe kwa mkono. Mwaura mwenyewe ndiye aliyetaka swichi ya mkono iondolewe, baada ya dizeli kuanza kuisha siku ambazo stima haikupotea hata kidogo. Wa kwanza kupigiwa alikuwa Dan. Dan akiwa mteja, yaani simu yake ikiwa imezimwa, apigiwe Mwaura.

Sasa Dan hayuko. Alilalamikia kichwa asubuhi, akanywa chai, akasema atalala kidogo. Jioni Everlyn alikuwa mjane. Wakamzika kwao Bungoma, mvua ikinyesha mpaka kaburi likawa linachotwa maji kwa ndoo. Tangu hapo nyama ya Mwaura ilikuwa imeoza mara mbili, stima ikipotea na jenereta ikinyamaza. Leo ilikuwa inaelekea ya tatu.

"Everlyn, mama, mimi huyo kijana nilimpenda," Mwaura alisema, "lakini hii kitu yake imekufa kama yeye. Stima imeenda tangu asubuhi. Wateja wananiuliza nani alinitengenezea hii takataka!"

"Mzee, Dan hakutengeneza takataka."

"Basi niambie ni nini hii!"

"Nipe dakika kidogo. Usikate simu."

Akaiweka simu mezani, sauti juu, akaketi na kuivuta kompyuta. Kazi hii aliijua. Yeye na Dan walikutana ofisini mjini, kwenye jengo moja nyuma ya Moi Avenue ambalo lifti yake hujichagulia siku za kufanya kazi, na Dan ndiye aliyemfundisha kuikagua programu bila kuizima. Unaingia kwa mtandao kwenye kompyuta ya mbali, unaishika programu ikiwa hai, unachungulia ndani yake uone imefika mstari gani na imebeba nini kichwani. "Mgonjwa anayetembea usimlaze," Dan alizoea kusema, halafu anacheka peke yake, maana utani wake mwingi ulikuwa wa kuchekwa na yeye tu.

Everlyn akaingia Dagoretti akiwa pale pale kwenye kiti chake. Alitarajia kukuta programu imekufa, na moyoni alikuwa ameshajiandaa kumwomba Mwaura msamaha kwa niaba ya mtu aliye kaburini. Ala! Programu ilikuwa hai. Ilijua stima haipo. Ilijua joto linapanda. Ilikuwa imefanya kila kitu ilichofundishwa, ikafika mahali pamoja ikakwama hapo hapo.

Dan alikuwa na tabia ya kuzipa sehemu za programu zake majina ya Kiswahili, wenzake ofisini wakimcheka. Mahali ilipokwama paliitwa ngoja_apokee. Simu ilikuwa inaita, na kwa Dan simu ikiita hakuna mjadala: mwenyewe yuko, subiri, na ikikatika piga tena. Ndivyo alivyoiandika, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuacha simu iite. Angetoka bafuni na povu masikioni apokee.

"Kwani inampigia nani?" Everlyn akajiuliza, akafungua mahali namba ilipowekwa. Hakuhitaji kuisoma mara mbili. Aliijua kwa moyo tangu enzi za kuchumbiana.

"Mungu wangu," akasema.

"Nini? Kumeharibika?" Mwaura akauliza kutoka mezani.

Wacha niseme jambo ambalo hata dadake Everlyn hakulijua. Baada ya mazishi watu wa kwao Dan walikaa kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo ada. Koti likaenda kwa ami yake, viatu kwa Lenox mdogo wake, na Everlyn akatoa kila kilichoitishwa bila kununa. Simu tu ndiyo aliyoificha kifuani kama mwizi, akarudi nayo Nairobi, akailaza kabatini katikati ya mashuka. Hakuacha iishiwe na chaji. Alikuwa akiiwekea kredo laini isije ikakatwa, na mlio aliuzima kwa kuwa hakuweza kuuvumilia, wala waliopiga hakuwahi kuwaangalia. Akiwa kazini, wenzake wakienda kula, alikuwa akijitenga na kuipigia. Basi tu, aisikie ikiita. Maana aliyekwenda ni yule ambaye simu yake imezimwa. Huyu ambaye yake inaita, labda ametoka kidogo. Usimcheke. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chake kilikuwa kimeshafika Dagoretti.

Akaiachilia programu iendelee, akaenda chumbani, akafungua kabati. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya shuka, kioo kikiwaka. Akapokea.

"Haloo?"

Kimya. Mashine haina cha kusema, inangoja kidole. Everlyn alijua anachotakiwa kufanya ni kubonyeza moja tu. Lakini mdomo una adabu zake, na mtu akipokea simu isiyo yake hujieleza.

"Hii ni simu ya Dan," akasema. "Dan hayupo. Dan alikufa."

Tangu mazishi hakuwahi kulitamka neno hilo. Alikuwa akisema alituacha, alipumzika, yale yote ya kanisani. Akakaa kitandani. Akabonyeza moja.

Sebuleni, ndani ya simu ya mezani, jenereta ikanguruma. "Imewaka!" Mwaura alipiga kelele. "Wee! Si nilijua Dan ni fundi? Shida ilikuwa wapi, mama?"

Everlyn akarudi akaketi. "Shida ni mimi, mzee. Programu iko sawa, imekuwa sawa siku zote. Simu ya Dan niliiacha hewani, nayo ikawa inamngoja. Ningekuwa nimeizima, ingekupigia wewe. Nyama yako nimeiozesha mimi."

Sauti ya Mwaura ikashuka. "Pole, mama. Pole sana. Lakini namba yake uitoe leo. Stima ya huku si unaijua."

"Naitoa sasa hivi."

Akaitoa namba ya Dan, programu ikiendelea kutembea, vile alivyofundishwa, akaweka ya Mwaura mahali pake, akaiagiza ipige simu ya kujaribu. "Inanipigia!" Mwaura akasema. "Ngoja nipokee hii." Akakata.

Nyumba ikawa kimya. Simu ya Dan ilikuwa mapajani mwake, kioo kimezimika. Miezi yote ile alidhani ni yeye peke yake anayempigia Dan, kumbe walikuwa wawili, yeye na programu, na sasa mwenzake ameambiwa ukweli na kumwacha. Aliitazama kitambo, labda mtu atapiga. Hakuna aliyepiga. Akaizima, akalia kwa sauti, kilio ambacho Bungoma hakukilia.